Nani Atakubishia?

Insha arobaini na tatu, saa nane mchana,
Kidato cha Tatu, Kayole,
na bati juu yetu linatatarika kama mafuta ya mandazi.
Wanne wamerauka majogoo ya kwanza.
Kumi na mmoja wameandika wahenga hawakukosea,
wahenga hao hao ambao, kwa hesabu yangu,
wamekosea mara sita kabla ya ukurasa wa pili.
Na mmoja, Nthenya, dawati la dirishani,
ameandika: Maji ni uhai.
Nukta.
Kisha mistari ishirini ya kupiga kasia nchi kavu.

Sikuikata. Nilimwandikia pembeni
kwa biki nyekundu inayovuja:
nani atakubishia?

Akaja mezani amenuna.
"Lakini ni kweli, Mwalimu."
Ni kweli. Na jua huchomoza mashariki.
Ni kweli ya kuwekwa kabatini na vikombe vya wageni.
Mimi nataka sentensi ambayo ukiitamka kwenye foleni ya bomba
mtu atatua mtungi wake chini
akuulize: wewe binti, umesema nini?

Jumatano akarudi: Maji ni muhimu sana katika jamii.
Umeivisha koti tu, nikamwambia.
Ijumaa: Katika insha hii nitajadili faida na hasara za maji.
Huko ni kuaga, mwanangu, na bado umekaa kitini.
Wekulo akacheka, Wekulo
ambaye dai lake zima lilikuwa Simu ni mbaya.
Nikamuuliza, hata hiyo uliyoificha kwenye soksi?

Nikaiacha chaki.
Jana mlinunua maji kwenu?
"Tulinunua."
Mtungi?
"Ishirini. Bomba likikauka, hamsini."
Na hukauka lini?

Akanyamaza.
Nakijua kimya hicho. Si cha asiyejua,
ni cha anayehesabu kwa vidole chini ya dawati.
"Mwisho wa mwezi," akasema polepole. "Watu wakishalipwa."
Kisha akainama akaandika
kama mtu anayekuna upele:

Mtaani kwetu bomba halikauki kwa ukame, hukauka kwa kalenda.

Akaisoma kwa sauti ndogo.
Nyuma kabisa Abdinoor akasimama, kiti kikaanguka:
"Si kweli! Mjomba wangu ana tangi, na yeye pia hununua!"
"Hununua kwa nani?"
"Kwa... ngoja kwanza."
Vikazuka vita, vita vitamu, kengele ikalia asiisikie mtu,
na Nthenya akanitazama ameshtuka
kana kwamba amewasha moto kwa kijiti kilicholowa.
Sasa una insha, nikamwambia. Nenda ukaitetee.

Jioni, ofisini, chai imepoa utando juu.
Katika droo yangu mna barua kwa bodi ya shule,
ina mihula mitatu, haijawahi kutoka humo.
Mstari wake wa kwanza:
Maktaba ni muhimu katika shule yoyote ile.

Mwalimu wee.
Nani atakubishia?

Nikakumbuka kufuli lile la shaba,
mifuko ya saruji juu ya meza za kusomea,
viti vya plastiki vya kukodisha harusini
vimepangwa hadi kwenye rafu ya kamusi.
Nikakata. Nikaandika. Nikakata tena.
Mkono ulitetemeka nilipoifikia:

Maktaba yetu haikufungwa kwa kukosa vitabu;
imefungwa kwa sababu mwenye ufunguo hasomeshi mtoto hapa.

Asubuhi nikaiandika ubaoni, bila jina la mtu.
Wakaisoma. Wekulo akapiga mluzi.
Nthenya akainua mkono, uso mkavu kama wa hakimu:
"Ni dai zuri, Mwalimu.
Ushahidi uko wapi?"